Mashine ya Jumapili

Daktari Kathini wa Nunguni husema hakuichagua kazi yake. Kaka yake Mwau ndiye aliyemchagulia. Mwau aliugua homa ya uti wa mgongo utotoni, akawa kiziwi, na Kathini akakua akiwa masikio yake. Mwingine angechoka. Yeye alisoma, akasoma tena, hadi akawa mtafiti wa usikivu. Sasa huchunguza jinsi watoto viziwi wanavyojifunza kusikia baada ya kupandikizwa kifaa sikioni.

Kati yao wote, Ndunge wa Kikima ndiye aliyemnyima usingizi. Upasuaji ulikwenda vyema. Kipande cha ndani kilikaa sawa, na kile cha nje, kinachonaswa kwa sumaku nyuma ya sikio, hakikuwa na hitilafu. Lakini kila akipimwa, mtoto alikodoa macho tu. Wenzake Kathini wakaanza kusema ameshindikana. Na umri wa kujifunza kusema haumngoji mtu. Kathini alishika tama, kisha akashika njia ya Kikima.

Susu Mutindi, nyanya anayemlea Ndunge, alimkaribisha kwa chai na viazi vitamu. Mtoto alikuwa uani akikimbiza kuku, sikio tupu.

"Susu, mashine iko wapi?"

"Iko salama, daktari." Mutindi akafungua sanduku. Chini ya rinda la kanisani, kando ya viatu vyeupe, kifaa kilikuwa kimefungwa kwa leso safi. "Hii ni kitu ya bei, si ya kuvaliwa kwa vumbi. Anavaa Jumapili, na siku ya kuja kwako. Akirudi, naweka."

Kathini alitaka kukasirika, akashindwa. Hata kwao, viatu vizuri vilijua njia moja tu, ya kanisani. Akacheka hadi machozi.

"Susu, masikio hayana Jumapili. Avae akiamka, atoe akilala. Hata kwa vumbi."

"Na ikiharibika?"

"Hiyo tutatengeneza. Miaka ya huyu mtoto ndiyo hatuwezi kutengeneza."

Miezi ikapita. Katika chumba cha kupimia, Ndunge alipewa vijiti: akisikia sauti, atie kimoja ndani ya beseni. Kathini akabonyeza sauti ndogo kabisa. Ndunge akatulia, akatupa kijiti, akainua mikono yote miwili.

"Amen!"

Sauti ya pili, kijiti cha pili. "Amen!"

"Ai, daktari, nisamehe," Mutindi akasema, uso ameufunika kwa leso. "Hiyo ametoa kanisa."

Kipimo kilipokwisha, Kathini alibonyeza tena, apate tu kumsikia Ndunge.