Niliuza Bima Ikiwa Maua

Niliuza bima ya afya ya familia yetu ikiwa bado maua. Kabla hujanitukana, subiri nieleze. Matusi mazuri yote nimeshamaliziwa nyumbani.

Baba alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Wakapunguza watu, naye akapunguzwa. Akarudi kwetu Ihembe na begi, mwavuli wa kazini, na kadi ya bima ambayo ilikuwa inakufa mwisho wa mwezi. Mwavuli tuliufurahia. Kadi ndiyo ilitunyima usingizi, maana mdogo wangu wa kike ana selimundu. Kila mwezi lazima aende kliniki, na maumivu yakimshika analazwa. Kwa kadi ya baba, kliniki ilikuwa safari tu. Bila kadi, kila kitu kina bei, mpaka bomba la sindano.

Mama akatuita uani kupanga maisha mapya.

“Chakula kipo kibanjani,” akasema, akimaanisha migomba na mibuni inayozunguka nyumba. “Ndizi hatununui, maharage hatununui. Sukari tunaacha.”

“Tunaacha kabisa?” baba akauliza.

“Wewe ulikuwa unaweka vijiko vinne. Tunaacha kabisa.”

Kisha akanyoosha mkono kwenye mibuni ya chini, ile ya karibu na barabara. Ilikuwa imechanua, nyeupe tupu, harufu yake inaingia mpaka chumbani. “Ile ni bima. Ikivunwa tu, tunalipia kadi ya kaya nzima. Asiiguse mtu.”

“Sasa mama,” nikasema, “tukiugua kabla ya mavuno, tunusishane maua?”

Aliyecheka ni mdogo wangu peke yake, na alicheka huku ameshika mguu unaomuuma.

Kazi ilimtoka baba, ukarani haukumtoka. Alisimama mlangoni kama bado yuko getini kiwandani. Ukichota mafuta ya kupikia, anachungulia kijiko. Ukioga, anagonga: “Sabuni hiyo unaila?” Ukitoka: “Umebeba nini?” Nyumba ikawa ghala, na sisi ndio magunia. Nilikaa likizo nzima nikihesabiwa, nikaamua lazima nami nilete hela, niheshimiwe kidogo.

Akili yangu ilikuwa hivi. Bwenini kwetu wanafunzi hawaruhusiwi kufuga nywele, na kinyozi yuko mbali. Fundi redio mmoja wa Kayanga alikuwa anauza mashine ya kunyolea iliyotumika. Nikiipata, natajirika. Mtaji sina, ila mibuni ninayo.

Huku kwetu kuna kitu kinaitwa butura. Unauza kahawa ikiwa maua. Mnunuzi anakupa hela kidogo leo, kahawa ikiiva anakuja kuvuna mwenyewe. Serikali imekataza. Kila mtu anajua imekatazwa, na kila mtu anajua nani ananunua. Nikaenda kwa mmoja, mtu wa Bugomora aliyehamia kwetu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Baba ndiye amekutuma?”

“Ndiye. Anaona aibu kuja mwenyewe.”

“Mwambie asione aibu. Wote wanakuja.”

Hela ikatosha mashine na chapati mbili. Nilipanga kunyoa watu mpaka niyakomboe maua yangu kabla hayajawa kitu. Nikanyoa vichwa vitatu na nusu. Katikati ya kile cha nne umeme ukakatika, ukarudi kwa hasira, mashine ikanuka kama mahindi ya kuchoma, ikanyamaza milele. Mwenye kichwa alienda mstarini asubuhi upande mmoja mwanafunzi, upande mmoja msanii. Fimbo tuligawana.

Baada ya hapo ilibaki kungoja. Maua yakapukutika, punje zikatokea, kijani, ndogo, zinanitazama. Kila nikirudi likizo, mama ananipeleka kuziangalia kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. “Mwaka huu imebeba! Tutabaki na chenji.” Mbuzi wetu aliuzwa kwa ajili ya kliniki, kisha jogoo. “Tuvumilie,” mama anasema, “kahawa inakuja.” Nilitaka kusema. Nafungua mdomo, unatoka utani. Kwenda mbele siwezi, kurudi nyuma fundi hataki kusikia habari za mashine iliyoungua. Mtu wa kwanza duniani kuomba kahawa isiive ni mimi.

Ikaiva. Likizo ya Juni, asubuhi, yule mzee akafika na vijana wake na magunia.

“Habari za asubuhi, mama. Tumekuja kuchukua mzigo wetu.”

“Mzigo gani?”

“Kahawa ya baba watoto. Si alimtuma kijana?”

Baba akatoka na mswaki mdomoni. Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu, na miguuni nimevaa ndala.

Mama akasema anamwita mtendaji wa kijiji. Mzee wala hakupandisha sauti. “Mwite, mama. Mimi nitasema nilinunua. Mtoto wako naye atasema aliuza. Tutakwenda wote.”

Mama akawapisha. Baba akaenda kukaa nyuma ya nyumba na mswaki wake. Vijana wakavuna mpaka alasiri, sisi tunasikia punje zinavyodondoka kwenye ndoo. Mdogo wangu alikuwa kizingitini, amejifunika kitenge.

“Kwa hiyo kadi yangu?” akauliza.

Mama akamrekebishia kitenge begani. Mimi hata utani sikupata.

Pa kukimbilia palibaki bwenini. Mjomba wa Muleba, anayeuza samaki, ndiye hunilipia bweni, na hela ya muhula alikuwa ameshaituma kwenye simu ya mama. Bila bweni, shule ni milima miwili kwa mguu, alfajiri na jioni, kisha baba getini. Nikafunga sanduku siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Nikafunga na godoro.

Siku hiyo mama alimchukua mdogo wangu wakaenda kwa mwandikishaji wa bima. Wakarudi mchana, mdogo wangu anaringa kwamba kapigwa picha. Nikamuuliza mama hela imetoka wapi. Akalitazama sanduku langu, akalitazama godoro.

“Iwe,” akaniita kwa kilugha, “wewe umeuza maua, mimi nimeuza kitanda chako cha bwenini. Fungua hizo kamba, chukua ndoo ukachote maji. Mdogo wako anataka kunywa dawa.”