Chai Niliyoimwaga Ghalani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sijawahi kuzionea haya kama siku ile nilipomwaga chai ya watu.

Nilikuwa msimamizi kwenye ghala la nafaka hapa Eldoret. Msimu wa mavuno tulianika mahindi ya wakulima kwenye turubai uwanjani, yakauke ndipo tuyapokee. Siku hiyo yalianikwa ya mama mmoja mjane kutoka Moi's Bridge, mavuno yake yote ya mwaka. Yakinyeshewa yangeota ukungu, na yenye ukungu hatupokei. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ofisi, akilitazama wingu jeusi bila kupepesa macho.

Ilikuwa saa nane, na wabeba magunia wetu walikuwa wakinywa chai. Niliwafokea waache vikombe. Mzee aliyekuwa kiongozi wao akanijibu kwa upole, "Wacha tumalize tu kikombe, kijana." Nikapandwa na mori, nikaipiga sufuria teke. Chai ya maziwa matupu, tena katika sehemu hii ambako maziwa hayachezewi, ikatiririka vumbini. Hakuna aliyenitukana. Walikaa tu chini, wote kumi, wakakunja mikono.

Meneja wetu, mama mfupi mwenye sauti ya chini, akatoka ofisini. Nilidhani atawaamrisha, au atawabembeleza. Aliitazama ile chai, kisha akachuchumaa mbele ya Mzee.

"Pole, Mzee," akasema. "Hebu niambie, hiyo mvua itatufikia saa ngapi?"

Mzee akainua uso, akanusa upepo. "Hiyo? Nusu saa haifiki, Madam."

"Na kama ni wewe unaamua, ungeanzia wapi?"

"Huko chini. Maji ikikuja, inapitia huko kwanza."

"Sijaelewa vizuri. Huko wapi?"

Mzee akasimama amwonyeshe. Aliposimama, wenzake nao wakasimama. Akaokota sepetu, na kabla sijafunga mdomo wangu uwanja mzima ulikuwa mbioni, huyu anazoa, yule anashika gunia. Nilikuwa nimepiga kelele mpaka koo likakauka, na huyu mama hakuwa ametoa amri hata moja!

Matone ya kwanza yalipogonga bati, gunia la mwisho lilikuwa linaingia mlangoni. Yule mjane alimshika Mzee mikono yote miwili, akalia.

Kisha nikaitwa ofisini. Nikajua kazi imeniponyoka.

"Kwenu nyumbani," meneja akaniuliza, "chai ikimwagika, nani hupika ingine?"

"Aliyemwaga, Madam."

"Haya," akasema, akarudia karatasi zake.

Nilitoka nikanyeshewa hadi dukani, nikanunua maziwa, nikapika mwenyewe. Kikombe cha kwanza nilimpa Mzee kwa mikono miwili, nikamwomba msamaha mbele ya wote. Akaonja. "Sukari umetunyima," akasema, wakaangua kicheko. Nilishukuru sana kwa kicheko kile.

Jioni, nikitembea kurudi nyumbani Kimumu, nilijisifu njia nzima. Si kila mtu angepata wazo zuri kama langu, la kupika chai na kuomba msamaha. Nilikuwa nimeshatia ufunguo mlangoni nilipokumbuka kwamba hata mimi, kama Mzee, niliulizwa swali tu, nikasimama mwenyewe.