Bibi Asiyetaja Kitongoji Chake

Siku ile Mtinko tulikuwepo watano: Bosi, yaani mwandikishaji mkuu wa kituo, Rehema, mwendesha mashine ya picha na alama za vidole, Mzee Salumu, mlinzi wa getini, Bibi Mariamu, aliyekuja kujiandikisha kupiga kura, na mimi. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini na siku ya mwisho ya kituo. Niliishia darasa la tano, wazazi walipofariki wakaniachia wadogo zangu wanne. Nilichukuliwa kujaza fomu kwa sababu ya mwandiko.

Fomu ilitangulia mashine. Mtu alitaja mwenyewe jina, umri na kitongoji, yaani sehemu ya kijiji anakoishi. Pengo likibaki, mashine haimpokei.

"Andika unachosikia," Bosi aliniagiza. "Usichosikia usiandike."

Bibi Mariamu alijibu vizuri mpaka tulipofika kwenye makazi.

"Unaishi kitongoji gani, bibi?"

"Kule kisimani."

"Kina jina."

Akafunika mdomo kwa khanga, akacheka. "Jina lipo. Wewe si unalijua?"

"Nalijua, ila useme wewe."

"Basi hapo hatutaelewana, mjukuu wangu."

Bosi akainua kichwa. "Huyu si wa hapa. Mwache aende!"

Nikaandika: hakuthibitisha makazi. Bibi akatuaga mmoja mmoja, akaondoka.

Jioni mashine ilipokwisha kupelekwa kituo cha Mgori, nilimsimulia Mzee Salumu. Akapiga paja.

"We binti! Unamtajisha bibi jina la baba mkwe wake? Njiku aliyeanzisha kitongoji kikaitwa jina lake ndiye aliyemzaa mume wake! Mwanamke wa kwetu hatamki jina la mkwe hata mkwe akiwa kaburini. Mama yako hakukufundisha?"

Nikamwambia mama hakuwahi. Nami sikuolewa, nilikuwa na watoto wa kulea.

Nilikwenda mbio hadi kwa Bibi Mariamu. Nilimkuta akipepeta uwele.

"Bibi, si ungetaja mara moja tu?"

"Kikadi hicho ndicho kinifanye nimtukane mzee wangu?" Akaniletea maji ya kunywa.

Nilisimama na kile kikombe mkononi. Mkwe alikuwa amekufa siku nyingi, hakuna ambaye angemshtaki.

Baadaye nilifanya kazi hii Mgori na Kintinku, kadi za kura kwanza, kisha vitambulisho vya taifa. Mama yeyote akinyamaza kwenye makazi, nilimwita jirani ataje, naye mama aitikie kwa kichwa. Bosi alinung'unika mwanzoni, halafu akawa ananiita mimi kila swali hilo lilipokwama.

Sasa nimestaafu. Wadogo zangu wote wamemaliza shule, na sokoni watu hunionyesha vitambulisho vyao kama watoto niliowazalisha.

Siku ya kura ile, Bibi Mariamu aliwasindikiza majirani zake, akasimama nje ya kamba akiwashikia mabegi. Alifariki kabla mashine haijarudi Mtinko. Nimewaandikisha wengi, lakini kura yake ile moja nilimnyima mimi, na sijajua nitamlipa wapi.