Bolti ya Nusu Inchi

Baba yangu aliendesha mashine kwenye kinu cha kuchambulia pamba hapa Bariadi tangu sijazaliwa. Nilipopata nafasi chuo cha ufundi, aliuza ng'ombe wawili ili nikasome. Majirani wakamcheka. "Binti huingiza ng'ombe zizini, wako wewe anawatoa?" Nilipomaliza, kinu kikaniajiri, na tangu hapo akawa ananiita Fundi wa Cheti, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima usikie.

Msimu ule beringi ya mashine yake ilikufa, na malori ya pamba kutoka Lalago yalikuwa yamejipanga nje. Nilipangusa grisi, nikasoma namba iliyochongwa ubavuni, nikapiga simu duka la vipuri karibu na stendi. Nilitaja namba tu. Beringi iliyokufa ilikuwa ya Ujerumani, iliyoletwa ilikuwa ya China, na ilikaa mahali pake bila ubishi. Wenzangu huliona hilo jambo la kawaida. Mimi hunishangaza mpaka leo: watu wasiojuana, wasiosikilizana lugha, walikaa wakakubaliana vipimo, na kwa ajili hiyo kinu cha Bariadi kinaamka. Bolti ya India inaingia kwenye nati ya China kama waliozaliwa tumbo moja.

Ila mashine ya baba ni ya zamani, ya enzi za inchi. Zilizokuja baadaye zote ni za milimita. Wakati narudisha kava ya mkanda, ambayo inashikwa na bolti mbili, moja haikuonekana. Nikachukua mpya kwenye kopo, ya milimita kumi na mbili. Tundu lilikuwa la nusu inchi. Kwa macho ni kitu kilekile, na spana namba kumi na tisa inashika vichwa vya zote mbili. Tofauti iko kwenye nyuzi: za milimita zimebanana zaidi. Inaingia mizunguko michache, inakwama, na mkono unadhani imekaza. Chuoni walitufundisha kupima nyuzi kwa geji kabla ya kukaza. Geji ilikuwa mfukoni mwangu, lakini malori yalikuwa yanapiga honi.

Baba akauliza, "Imeshika?"

"Imeshika."

Akawasha.

Siku ya tatu mtikisiko ukaitoa. Kava ikaning'inia kwa ile bolti moja iliyobaki. Baba akainama kuondoa pamba iliyorundikana, kama alivyoinama miaka yote, kava ikiwa kati ya mkono wake na mkanda. Safari hii haikuwepo. Hospitali waliukata mkono wa kulia juu kidogo ya kifundo.

Sikulia. Ningependa kuandika kwamba nililia. Nilifagia pamba iliyoingia damu, nikaitenga isije ikaingia kwenye marobota, maana pamba chafu hushushwa daraja huko iendako. Hicho ndicho nilichokuwa nafikiria. Bolti niliikuta chini ya mashine, nikaitia mfukoni, ikakaa pamoja na geji.

Ripoti ya ofisi ilisema "uzembe wa mwendeshaji". Kazini wakasema mzee amechoka, macho yamekwisha. Kibaya zaidi, baba mwenyewe akaamini. Kila aliyekuja kumpa pole, baba alimwambia, "Niliinama vibaya," na mimi nilikuwa palepale, namimina chai. Nilikuwa na ganzi ya mwili mzima, kuanzia mavuno mpaka watu walipoanza kupanda tena. Nilikula. Nililala vizuri. Wanaosema mwenye hatia hapati usingizi hawakuniuliza mimi.

Asubuhi moja nilimkuta anahangaika na vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, Fundi wa Cheti."

Nadhani ni lile jina lililonisukuma. Niliingia ndani nikachukua ile bolti na nati ya zamani, ya inchi, niliyoitoa kinuni, nikaviweka mezani mbele yake. Nikamweleza yote, kavu kabisa, kama mtu anayesoma maelekezo ya mashine. Nilimwambia kwamba hakuinama vibaya.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shika nati."

Nikaishika. Yeye akazungusha bolti kwa mkono wake mmoja. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, ikakwama. Akaivuta, ikagoma kutoka.

"Hata mimi ningesema imeshika."

Nilishusha pumzi. Nilidhani yamekwisha.

"Lakini mimi sikusoma, mwanangu," akasema, taratibu, bila hasira. "Ndiyo maana nilikuuliza wewe."

Nikasogea nikamalizia kumfunga vifungo vya shati. Nilipofika cha mwisho, kifungo kikawa kinanitoka, nikakirudia, kikanitoka tena. Aliningoja. Kisha akavaa kofia, tukaenda wote ofisini, nikaomba ile ripoti niiandike upya kwa mkono wangu.