Dawa Haijui Ndugu

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka hata leo ambapo majina ya wajukuu yananipotea. Ilikuwa enzi ya Mdachi, nami nikifanya kazi katika kambi ya wagonjwa wa malale, hapa hapa ufukoni Rumonge. Niliyeyusha unga wa dawa ya sindano. Pima unga kwenye mizani, chemsha maji, yaache yapoe, mimina, kisha inama mpaka jicho lilingane na mstari wa chupa. Kila siku hivyo hivyo. Ilikuwa kazi ya kuchosha, nisikudanganye.

Siku hiyo aliyeletwa kwa machela alikuwa Saidi, kaka yangu wa tumbo moja, akisinzia na chakula mdomoni. Mama yetu, muuza mawese wa Kigwena, alinifuata hadi mezani.

"Uko unamupimia ndugu yako sawa na mutu wa njiani? Ongeza kidogo, mwanangu. Hata mimi mafuta naongezaka."

Na kweli, sokoni kwetu asiyetia nyongeza juu ya kipimo huitwa mchoyo. Mimi mtoto wa soko nikaongeza unga, nikakoroga, moyo ukatulia.

Mzee Feruzi, mkuu wetu aliyetoka Ujiji, alikuwa ameniona. Hakupiga kelele. Aliichukua chupa akaimwaga yote mchangani. Mama akapiga yowe, maana unga wa siku hiyo ulikuwa umekwisha.

"Kijana, dawa haijui ndugu," alisema. Akatuonyesha wagonjwa wawili waliokaa ukutani, wakipapasa sahani zao. "Wale malale yamewatoka. Lakini walitiwa dawa kali kupita kiasi, ikala macho."

Saidi alingoja hadi kesho yake, akadungwa kwa kiasi chake. Haikumponya, mwanangu. Malale yalimrudia, tukamzika, na mimi nimechoka kujiuliza maswali. Ila siku yake ya mwisho mama alipomwinamia, Saidi alimtazama usoni akacheka: "Mama, umezeeka!" Mama aliyashika maneno hayo mpaka kaburini.

Basi wewe unayeanza kazi ya kupima, haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikijaa, acha. Huruma yako itie katika kumfunika mgonjwa na kumnywesha uji, usiitie chupani. Ukiona shaka, mwaga uanze upya, hata kama anayelia ni mama yako. Mungu akupe mkono usiotetemeka, na wale utakaowadunga wafe wazee, wakiwatazama watoto wao.