Kocha wa Chini ya Blanketi

Harufu ya majani ya mkaratusi yaliyochemshwa hunifanya niulize matokeo ya mpira. Watu wengine wakiisikia hukumbuka mafua, au bibi zao. Mimi moyo huanza kwenda mbio na swali hunitoka kabla sijalizuia. Juzi jirani yangu alikuwa anapiga nyungu uani kwake, mvuke ukavuka ukuta ukaingia dirishani kwangu, nikajikuta nimepaza sauti: "Bao ngapi?" Alitoa kichwa chini ya shuka, uso umelowa, akanitazama kwa huruma kubwa. Nadhani sasa anaelewa kwa nini sijaolewa.

Mimi ni mtu wa ndani. Nikialikwa harusini natuma zawadi, nikialikwa matembezini naumwa kichwa. Ndugu zangu husema nilizaliwa hivyo. Si kweli, nilifundishwa. Na nimesoma hadi kidato cha nne bila kupata mwalimu wa kunieleza jinsi mtoto wa miaka tisa, aliyejifunika blanketi nyumbani kwao Mbuba, anavyoweza kufunga bao kwenye uwanja asiouona. Lakini nilifunga. Mashahidi wapo, wengine ni wazee wa kanisa.

Timu yetu ya kata iliitwa Mshale. Jezi zake zilikuwa za kijani siku ziliponunuliwa, kisha jua na sabuni ya mche vikaamua vinginevyo. Tulicheza uwanja wa shule ya msingi, ambao umelalia mteremko, kwa hiyo kuna goli la juu na goli la chini, na timu yenye akili huomba kushambulia goli la chini kipindi cha pili, wakati miguu imechoka. Sisi tulifungwa juu na tukafungwa chini. Tulifungwa na Mabawe, tukafungwa na wanafunzi wa sekondari, tukafungwa na mafundi wa barabara waliokuwa wamesimamisha greda lao ili wale chakula cha mchana.

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa mashabiki na mpiga ngoma wao. Kaka yangu Deo alikuwa mshambuliaji. Mwanzoni, Jumapili baada ya misa, watu walijaa kwenye mteremko ule kama kunde juani. Kisha wakaanza kupata udhuru. Mmoja ng'ombe wake alikuwa anazaa, na alizaa karibu kila Jumapili. Mwingine alisema kelele za ngoma zinampandisha presha. Wanawake walioimba walirudi kwenye maharage yao. Baba alikuwa akirudi jioni na ngoma begani, anaiweka kando ya mlango polepole kama mtu anayelaza mtoto, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Ndipo nikaugua. Homa ilinishika siku ya mechi, Baba akaenda uwanjani, na Mama akachemsha majani ya mkaratusi na mchaichai, akaweka sufuria mbele yangu, akanifunika blanketi zito la kijivu. Nikiwa humo, nikilia machozi yaliyochanganyika na jasho, nilisikia kelele zinapanda kutoka shuleni. Deo alikuwa amefunga. Tulishinda moja bila.

Jioni alikuja Sostenesi, fundi baiskeli, ambaye ndiye alikuwa katibu wa mashabiki na mwanafalsafa wao. Alikuja kumpongeza Baba, akaliona sufuria bado liko uani.

"Mama Deo, mtoto aliingia nyungu saa ngapi?"

"Saa kumi na kitu. Kwa nini?"

Sostenesi alikaa chini kwanza. Kisha akamwambia Baba kwa sauti ya mtu aliyegundua mafuta shambani kwake: "Mwenyekiti, Deo alipiga tu. Aliyefunga ni huyu."

Baba alicheka. Mimi pia nilicheka. Jumapili iliyofuata walikuja watu wengi uani kwetu, hata yule wa ng'ombe, wakamwamkia Mama kwa adabu isiyo ya kawaida, wakauliza hali yangu. Mama akasema nimepona. Nyuso zikawaanguka. Nilimwona Baba akiwatazama mmoja mmoja, akasugua kidevu, akasema, "Mama Deo, kikohozi hakijaisha vizuri. Mpashie maji."

Sikuwa na kikohozi. Nilikohoa ili nisimwaibishe.

Siku hiyo tulitoka sare, na kwa Mshale sare ilikuwa sikukuu. Basi nikawa Kocha. Shuleni hata walimu waliniita hivyo. Kila mechi ilipokaribia, mashabiki walipita nyumbani kukagua kama nimeshafunikwa, ndipo waende uwanjani wakiimba.

Nataka uelewe mlivyokuwa mle ndani. Giza. Mvuke unaouma macho na kuingia puani mpaka kwenye ubongo. Blanketi limelowa, linakugusa mgongoni kama ulimi wa ng'ombe. Ukiinua pembe kidogo upate hewa, Mama anasema "Kocha!" nawe unashusha. Mpira niliufuata kwa ngoma ya Baba, iliyofika kwetu kwa mbali ikipita juu ya migomba. Ikienda haraka, tunashambulia. Ikinyamaza ghafla, tumefungwa. Ilinyamaza mara nyingi.

Maana tulirudi kufungwa, bila shaka. Ila sasa kosa lilikuwa na mwenyewe. Sostenesi alichunguza: maji hayakuwa ya moto vya kutosha. Mara nyingine nilikuwa nimeelekea upande mbaya. Mara nyingine nilikuwa nimekula kabla ya kuingia, na siku ya ushindi sikuwa nimekula. Kila tulipofungwa, dawa ilikuwa kunifunika zaidi. Mapumziko yakifika, Baba alipiga simu yake ya kitochi kwa Mama, huku mashabiki wamemzunguka wasikie.

"Kocha yumo?"

"Yumo."

"Haya."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu kwa wachezaji.

Mtu mmoja tu alikuwa anaudhika, na huyo alikuwa Deo. Jioni moja tulipokuwa tunateka maji aliniambia, "Anisia, wewe hujawahi kuniona nikicheza."

"Nakusikia."

"Mpira hausikilizwi, wewe. Unatazamwa." Akanitwisha ndoo yangu kwanza. "Mechi ya Mabawe ndiyo ya mwisho kwangu. Baba mdogo ananiita Nyabusozi, kuna shamba. Njoo siku hiyo unione. Hata tukifungwa kumi, njoo."

Nyabusozi ni Biharamulo, na kwa akili yangu ya wakati ule, mtu akienda Biharamulo amekwenda. Nililala nikiwaza kwamba kaka yangu ataondoka, na nitakapoulizwa alikuwa anacheza vipi nitasema alikuwa ananuka mkaratusi.

Nikamfuata Baba. Alikuwa ameianika ngoma juani ili ngozi ikaze.

"Baba, naomba Jumapili nije uwanjani. Mara moja tu."

Alipigapiga ngozi kwa kidole, akasikiliza. "Unajua wamebaki watu wangapi, mwanangu?"

"Sijui."

"Wanakuja kwa sababu yako. Wakikuona pale wataniambia mwenyekiti, basi, na watarudi kulala." Akaigeuza ngoma upande wa pili. "Vumilia."

Nilitoka pale nikiwa nimesifiwa na kufungiwa kwa pamoja, sikujua nilie kwa kipi.

Jumapili ya Mabawe walikuja kukagua, na kweli walikuwa wachache, wangeweza kukaa wote kwenye benchi letu moja. Sostenesi alinigonga kichwani kupitia blanketi. "Kocha, sikia. Huu mpila wa leo ni wako. Usipumue ovyo." Wakaondoka. Hawakuimba. Nilisikia kandambili zao tu zikishuka njiani, na mmoja akisema leo atawahi kuondoka, ana mbuzi.

Kelele zao zilipokwisha, blanketi likafunuliwa. Mama alikuwa amesimama na gunia la maharage.

"Toka," alisema. "Nenda kamwone kaka yako."

"Baba akipiga simu?"

"Nitamwambia yumo. Sitasema nani." Akalikalisha gunia mahali pangu, akalifunika vizuri, akalirekebisha hata mabega. Sijawahi kufananishwa na kitu kwa uaminifu namna ile.

Nilikimbia kwenye migomba nikatokea upande wa juu wa uwanja. Upande wa chini walikuwa watu wetu, nisingeweza kwenda. Upande wa juu walikuwa Mabawe, wamejaa, wana filimbi na vuvuzela, wanakula mahindi ya kuchoma. Nikajipenyeza katikati yao, nikasimama pembeni ya mama mmoja mnene aliyenificha vizuri kama nyumba.

Kutoka pale nikatuona. Sikuwa nimewahi kutuona kwa mbali. Kikundi kidogo kwenye nyasi nyingi, midomo inafunguka bila sauti kutufikia, na Baba anapiga ngoma peke yake. Sostenesi hatazami mpira kabisa. Anatazama paa la nyumba yetu, kama mtu anayengoja mvua. Mabawe walikuwa wanawapigia kelele: "Mshale umepinda! Wengine wako wapi, wanapalilia?"

Na Deo je? Niseme ukweli, ni kaka yangu. Alikuwa anakimbia mikono imening'inia kama shati kwenye kamba. Deo niliyekuwa nikimsikia kwenye ngoma alikuwa mchezaji hatari zaidi kuliko huyu. Lakini sikuweza kumwondolea macho.

Kuna wakati ngoma ya Baba ilikosa pigo moja, kisha ikaendelea. Nilidhani amechoka.

Mwisho mwisho wa mchezo mpira ulimgonga Deo gotini, ukateremka na mteremko, ukampita golikipa aliyekuwa anaufunga uzi wa kiatu, na ukaingia. Bao. Kaka yangu amefunga na mimi nimeona. Na nimesimama katikati ya watu wa Mabawe! Walishika vichwa, nami nikashika changu. Walisema "Aaah!" nami nikasema. Yule mama akanivuta kifuani kwake akinipapasa mgongo: "Pole, mwanangu. Mpira ndivyo ulivyo." Nilikuwa nalia kwa furaha naye ananifuta.

Deo akaja mbio kuelekea kwetu, ananyoosha kidole, anacheka meno yote. Ni mimi aliyekuwa ananionyesha. Mabawe wakadhani anawadhihaki. "Anatudharau huyu!" Magunzi yakaanza kuruka, nikainama na wenzangu wapya.

Filimbi ilipolia, upande wa chini ulilipuka. "Kocha! Kocha!" Na nikaona mikono yao yote inaelekea paa la nyumba yetu. Walikuwa wanakwenda kunipongeza.

Njia yao ya kawaida ilikuwa fupi, moja kwa moja kutoka goli la chini hadi uani kwetu. Mimi nilipaswa kuzunguka umati wote wa Mabawe na shamba zima la migomba. Nilikimbia, nikaanguka, nikapoteza kandambili moja, nikakimbia. Nilipofika, Mama alikuwa anavuta gunia.

"Ingia! Baba yako kapiga simu. Wanakuja, ila wanapitia barabara ya zahanati, ile inayozunguka."

Nilimshukuru Mungu kwa kuwaumba watu wazima wajinga, nikaingia. Maji yalikuwa yamepoa kabisa. Jasho langu lilikuwa jipya.

Walikuja wakiimba, na njiani walikuwa wamezoa watu: yule wa ng'ombe, yule wa presha, wanawake wa maharage. Sostenesi akafunua blanketi. "Tazameni alivyotota! Mtoto kafanya kazi!" Wakaninyanyua juu, wakanizungusha uani. Baba alikuwa nyuma na ngoma yake, anaipiga akiwa ameinamisha macho.

Wakati ule ningeweza kusema neno moja tu nikawa huru. Nilikuwa nje, nimeona bao kwa macho yangu, na tumeshinda. Lakini Sostenesi alikuwa anacheza na kiatu kimoja mkononi, analia kama mtoto, nami nikampungia mkono kama Kocha. Msimu uliofuata Deo akiwa Nyabusozi, mimi nilirudi chini ya blanketi. Tulifungwa, na tulifungwa, mpaka Jumapili moja hakuna aliyepita kunikagua. Nilitoka mwenyewe. Uwanjani nilimkuta Baba na ngoma, na vijana wetu wanacheza.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani, nikambeba mtoto wa Deo, aliyekuja kumtembelea babu yake, kumpeleka zahanati, na tulipotoka nikapitia shuleni kusalimia. Nilikuwa nimefika katikati ya kilima, nahema, nilipotambua kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayetoka uwanjani kwenda kwetu kwa barabara ile. Unakipanda kilima chote, kisha unakiteremka. Na ngoma ya Baba ilikuwa nzito begani hata kwa njia ile fupi. Tena Baba hakuwa mtu wa kuchezea vocha. Mechi ikiisha, hakuwa anapiga simu.

Nilimkuta anapukuchua mahindi.

"Baba, siku ile ya Mabawe, kwa nini mlipitia zahanati?"

"Watu walikuwa na furaha."

"Ulikuwa umeniona."

Alipukuchua hindi zima kwanza. "Niliona mtoto mmoja katikati ya Mabawe. Nikasema, kama ni wangu, basi huyo mbio hana. Tumsaidie."

"Kwa hiyo blanketi hukuliamini?"

"Blanketi?" Akanitazama kama jirani yangu alivyonitazama juzi. "Mimi nilikuwa natafuta watu wa kuimba. Wale vijana wakicheza kimya walikuwa wanatia huruma."

Akaendelea na mahindi yake. Nilikaa pale nikimtazama mikono. Siku ile alikuwa amejua bao limeingia nikiwa nje, akapandisha ngoma kilimani akinisifu kwa kazi ambayo alijua sikuifanya, mbele ya watu ambao asingeweza kamwe kuwaambia, ili Jumapili nyingine apate angalau wa kuitikia. Na wasipokuja, aende uwanjani hivyo hivyo. Utoto wangu wote nilidhani katika nyumba ile asiyeweza kutoka ni mimi peke yangu.