Nguzo ya Baba Mlangoni mwa Mto

Mji wetu ulikaa juu ya mchanga, pale mto wetu mwembamba unapoingia Lualaba, si mbali na Kasongo. Haukutulia. Kila mvua kubwa iliposogeza mlango wa mto, watu walibeba mapaa ya nyumba vichwani wakaufuata, maana pasipo na kilindi meli ya Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji, haitii nanga, na pamba yetu ingeoza. Kila walipohamia, ukoo wetu ulichimbia nguzo mpya ya kufungia kamba ya meli. Nguzo ya babu ilikuwa imebaki katikati ya shamba la mihogo.

Mwenye kupokea kamba ndiye aliyewasimulia abiria habari za mji: wavuvi wa kwanza, kisha wafanyabiashara waliovaa kanzu, kisha Wabelgiji na kuni za meli zao. Kazi hiyo ilikuwa ya mzaliwa wa kwanza, yaani mimi. Lakini mimi nilikwenda: sekondari kwa mapadri, ukarani Kabambare, ghala la machimbo Salamabila, tena Kabambare. Kila mahali nilikumbuka harufu ya kuni mbichi na samaki wa kukaushwa, na kila mara nikaenda mbali zaidi. Baba alipofariki, kamba akaishika mdogo wangu.

Nilirudi nikiwa na mvi. Meli ilipopiga filimbi nilikaa juu ya sanduku langu nikamtazama yeye tu; kamba alikoipeleka sikuangalia. Aliingia majini mpaka magotini, akakohoa kidogo kama baba, na mabaharia wakamwita "Papa wa kamba", jina la baba. Akaanza kusimulia. Alimsahau babu kabisa, na bado abiria walicheka na kumpa sigara. Usiku ule sikula.

Meli iliyofuata ilipokuja, nilimwendea mdogo wangu mbele ya watu.

"Leo nipe mimi. Nani mkubwa hapa?"

"Mupe bwana karani!" akasema mama mmoja mwenye kikapu cha mpunga. "Pengine kamba iko na maandishi!"

Mdogo wangu hakubisha. Alisogea tu, akanipisha. Afadhali angebisha.

Baharia alirusha kamba, nikaidaka hewani, wanawake wakapiga vigelegele. Nikakimbia nayo hadi nguzo ya baba, ile niliyoiegemea utoto wangu wote, nikafunga mafundo yake yote. Meli ikafuata kamba, ikaja taratibu, ikakaa juu ya mchanga.

"Yaya! Kule iko muchanga! Muto ulihama zamani!" akapaza sauti mdogo wangu; yaya kwetu ni kaka mkubwa.

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Pale hata watoto walijua.

Wanaume waliingia majini wakaisukuma meli kwa mabega, huku kapiteni akitukana kwa Kifaransa ambacho ni mimi tu niliyekielewa. Mdogo wangu alifungua mafundo yangu polepole, akapeleka kamba kwenye nguzo aliyoichimbia mwenyewe, mbele kidogo upande wa juu wa mto. Kisha akawageukia abiria. Wavuvi, kanzu, kuni. Akanyoosha mkono.

"Na ile iko nguzo ya baba yetu. Yaya wangu ametoka mbali, na leo amefunga meli pale mara ya mwisho. Hakuna mwingine atafunga."

Hawakucheka. Mzee mmoja alivua kofia.

Nilipanda na sanduku langu meli ilipoondoka. Nimeyasimulia maneno yale mahali pengi tangu siku hiyo, na sijawahi kuyasema vizuri kama yeye.